Miche Myeupe ya Waithaka

Simu ya rafiki yake Phoebe ilimkuta Nzembi kwenye korido ya hospitali kule Upper Hill, Nairobi, ameshika mkebe wa chakula alioufunga kwa leso ili usipoe. Ndani mlikuwa na njahi, maharagwe meusi ya Kikuyu, zilizopondwa pamoja na ndizi mbivu. Kanyiva, binti yake wa pekee, alikuwa amejifungua siku nne kabla, na tangu siku ya kwanza mama yake hakumletea chakula kingine. Mwanamke yeyote wa Waithaka, pembezoni mwa jiji, atakuambia kwamba njahi ndizo zinazomrudishia mzazi damu na kumjaza maziwa.

Lakini asubuhi ile mambo yalikuwa yamegeuka. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia umanjano, kisha uso, kisha kifua. Wauguzi walimwondoa kwa mamake wakamlaza kwenye kisanduku cha kioo, uchi, macho yamefunikwa kwa kitambaa, chini ya taa ya bluu. Nzembi alikuwa amemtazama kupitia dirisha mpaka muuguzi akamwomba asogee.

"Mama Kanyiva, uko wapi?" Phoebe aliuliza kwenye simu.

"Hospitali. Kuna nini?"

"Zile njahi zako zimeota vibaya. Zingine ni nyeupe."

"Nyeupe aje?"

"Nyeupe tu. Kama karatasi. Kijiti, majani, yote. Nimehesabu kumi na tisa. Sijawahi kuona kitu kama hii shambani kwangu, na mimi nimezaliwa hapa."

Nzembi alikata simu. Aliutazama mkebe. Njahi zilizokuwa ndani zilitoka kwenye ndoo ile ile ya Phoebe, mavuno yale yale ambayo nusu yake ilirudi udongoni na nusu ikaingia sufuriani. Kwa siku nne bintiye alikuwa amezila, na mtoto alikuwa amenyonya.

Aliingia chooni, akafungua leso, akamwaga chakula chote kwenye pipa la taka na kukifunika kwa karatasi. Aliporudi wodini Kanyiva alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba kwa kulia.

"Mum, chakula iko wapi?"

"Imemwagika. Nitakununulia uji hapo nje."

"Imemwagika yote?"

"Yote," Nzembi akasema, na hakuweza kumtazama usoni.

Nzembi Kiema hakuwa mtu wa hofu za ovyo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Mwingi, na miaka thelathini ya maisha yake aliitumia kazini kwa familia moja. Alianza kwa kufagia duka la mbegu la mzee Chunilal kwenye mtaa wa Biashara, katikati ya jiji. Mzee yule alikuwa na tabia moja ambayo wafanyabiashara wenzake waliiona kama wazimu: kila mteja aliyetoka mashambani alimwomba konzi moja ya mbegu za kwao. Alizikausha, akazitia kwenye mkebe wa bati, akaandika jina, mahali na mwaka. Mtama wa Tharaka, wimbi la Kisii, kunde za Makueni, maboga ya Taita. Alipostaafu, mikebe ilihamishiwa chumba cha nyuma nyumbani kwake, karibu na Adams Arcade, akanunua friza mbili kubwa na kumfundisha Nzembi kazi yote. Namna ya kukausha mbegu mpaka ikivunjwa ilie. Namna ya kuzifunga kwenye vifuko vya foili. Namna ya kuhesabu mbegu mia moja, kuzilaza kwenye tishu mbichi ndani ya visahani, na siku ya nane kuhesabu ngapi zimeamka.

Mzee alipofariki, bintiye Jyoti, ambaye Nzembi alimwita Mama Riddhi kwa jina la mtoto wake, aliendeleza kazi hiyo kwa msaada wa marafiki wachache. Jyoti alikuwa na duka lake la dawa na hakuwa na muda wa kushinda kwenye chumba cha mbegu, kwa hiyo funguo zilikaa kwa Nzembi. Wageni walipofika, Jyoti alimtambulisha hivi: "Huyu ndiye anajua kila mkebe. Mimi najua friza iko wapi tu." Aina mia tatu na kumi na mbili, na Nzembi angeweza kuzitaja akiwa amefumba macho.

Ila palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua ila yeye.

Desemba ya mwaka 2013 Jyoti alisafiri kwenda kwa dada yake Leicester, Uingereza. Wiki hiyo hiyo baba yake Nzembi akafa. Nzembi angepiga simu tu, mtu mwingine angetafutwa wa kuangalia friza. Lakini aliogopa. Aliogopa kuambiwa asiende, na aliogopa zaidi kwamba funguo zingepewa mtu mwingine na zisirudi. Basi alifunga mlango akaenda Mwingi, akakaa wiki tatu.

Alirudi Januari, jua la mchana likiwa juu ya bati. Alipofungua mlango hakusikia mngurumo. Swichi ya ukutani ilikuwa imeruka, siku gani hakuna aliyejua. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka na maji ya vuguvugu yamejaa chini ya friza. Vifuko vingi vya chini vilikuwa vimeingia unyevu, na chumba kilinuka kama gunia lililosahauliwa kwenye mvua. Kwa siku nne alianika, akapepea, akakausha na kufunga upya. Kisha akawasha friza, akaketi na daftari la baridi, lile ambamo kila siku kilipaswa kuandikwa kipimo cha kipimajoto. Alijaza siku ishirini na tano. Chini ya sifuri, kumi na nane. Chini ya sifuri, kumi na nane. Alibadilisha kalamu mara mbili ili maandishi yasifanane.

Jyoti aliporudi alipitisha kidole kwenye kurasa zile akasema, "Vizuri sana, Nzembi." Tangu siku ile Nzembi hakuwahi kusifiwa bila kuzikumbuka namba zile.

Miaka ilipita. Kila alipojaribu mbegu za vifuko vya chini, alihesabu kidogo kuliko mara iliyotangulia. Themanini kwa mia. Sitini. Arobaini. Alimwambia Jyoti kuwa ni uzee wa mbegu, na Jyoti akaona ni kweli, kwani mbegu zilikuwa za zamani.

Mwaka 2022 Jyoti aliamua kwamba aina zilizo hatarini zipandwe upya kabla hazijafa kabisa. Ya kwanza ilikuwa njahi nyeusi iliyoletwa kwa mzee mwaka 1986 na mama mmoja wa Waithaka. Aina hiyo ilikuwa imepotea mashambani, majumba ya kupangisha yamekula ardhi. Nzembi mwenyewe aliishi Waithaka, na Phoebe, rafiki yake wa kanisani, alikuwa na kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Katika mbegu mia, ishirini na tatu ziliota. Phoebe alizitunza kama watoto. Zilipozaa, alilia aliposhika ganda la kwanza, akisema hizo ndizo njahi alizopikiwa mama yake kila alipojifungua. Alizimwaga zote kwenye ndoo moja, na msimu uliofuata akapanda nusu yake.

Hizo ndizo zilizoota nyeupe.

Kabla ya kuondoka hospitalini mchana ule, Nzembi alimngoja Maureen, muuguzi mwenye zamu, kwenye mlango wa chumba cha watoto.

"Sista, samahani. Chakula cha mama kinaweza kumfanya mtoto hivi?"

"Chakula gani, mama?"

Nzembi alitaka kusema. "Chakula tu. Kwa jumla."

"Tumetuma damu maabara," Maureen akasema kwa upole. "Tungoje majibu. Lakini kipimo chake kimepanda kidogo tangu asubuhi, nisikudanganye. Kikiendelea, daktari atazungumzia kumbadilisha damu."

Kumbadilisha damu. Nzembi aliyabeba maneno hayo mpaka Waithaka. Shambani Phoebe alimwongoza, akaonyesha kwa kidole. Katikati ya mistari ya miche ya kijani kibichi, ile ya njahi iliyojaa afya, ilisimama mingine myeupe kabisa, imenyooka, na majani yake mawili yamefunguka vizuri. Hilo ndilo lililomtisha. Haikuwa imenyauka wala kuliwa na wadudu. Ilikuwa imeumbika sawasawa, ila haikuwa na uhai wa rangi. Jua lilipita ndani ya majani yake.

"Mama wa hapo chini anasema hizi mbegu zimetoka maabara," Phoebe akasema. "Anasema mmezichezea. Ni kweli?"

"Hakuna mtu amezichezea."

"Sasa hii ni nini? Mimi nimekula hizi. Kanyiva amekula. Nimegawia akina mama wa kikundi cha kanisa, wamepika."

"Sijui, Phoebe."

"Wewe ndiye unajua mbegu. Kama wewe hujui, nani anajua?"

Nzembi aling'oa miche mitatu, akaifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji, akaenda moja kwa moja kwa Jyoti.

Jyoti aliifungua kwenye meza ya baraza, akavaa miwani, akaikagua mmoja mmoja. Kisha akampigia simu Taranjit Kaur, rafiki yake wa tangu shule, aliyefundisha chuo kikuu somo la urithi wa mimea. Taranjit hakushangaa kama Nzembi alivyotarajia. Aliwaambia wamletee miche ile asubuhi, pamoja na mbegu zozote za mkebe ule wa 1986 zilizokuwa zimeanza kuota. Bahati nzuri zilikuwepo. Wiki hiyo Nzembi alikuwa ameanza jaribio jingine, na kwenye kisahani mbegu kadhaa zilikuwa zimetoa mizizi mirefu kama punje ya mchele.

Usiku ule hakupata usingizi wa maana, na kulipopambazuka alimpigia Kanyiva. Mtoto alikuwa bado chini ya taa, na kipimo kilikuwa kimepanda tena.

Chumba cha Taranjit chuoni kilikuwa kidogo na kimejaa vitabu. Alikata ncha za mizizi kwa wembe, akazitia rangi nyekundu, akaziponda kati ya vioo viwili, akatazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Mwishowe akamwita Nzembi.

"Kuja uone, mama. Unaona hizo nyuzi nyekundu? Hizo ndizo kromosomu. Maagizo yote ya mmea yako hapo. Seli ikigawanyika, nyuzi zinatakiwa kwenda nusu huku, nusu huku, bila kuacha kitu. Sasa tazama hii ya katikati."

Nzembi alitazama. Mwanzoni hakuona ila wekundu. Kisha akaona mafungu mawili yaliyokuwa yakitengana, na kati yao uzi mmoja ulionyooshwa kama ute wa gundi, na kando kipande kidogo kilichobaki peke yake, hakina pa kwenda.

"Zimevunjika," akasema.

"Zimevunjika. Watu wanafikiri mbegu iliyohifadhiwa imelala tu. Hailali. Inazeeka, na maagizo yake yanakatika polepole. Ikipata maji, kitu ya kwanza inafanya ni kujirekebisha. Zilizoharibika sana zinakufa. Zenye afya zinajirekebisha vizuri. Lakini kuna za katikati, zinaunga vibaya, halafu zinaota hivyo hivyo. Kwa macho huoni kitu, mmea ni wa kijani kama kawaida. Ni watoto wake ndio wanakuja kuonyesha. Hiyo nyeupe imepoteza maagizo ya kutengeneza ukijani. Itaishi kwa akiba ya mbegu yake, siku kumi, wiki mbili, halafu itakufa."

"Kwa nini zimezeeka hivi?" Jyoti akauliza. "Ziko kwenye baridi kali tangu wakati wa baba."

"Hilo ndilo nataka kujua. Baridi na ukavu hupunguza kabisa mambo haya. Hizi zimeumia kuliko nilivyotarajia." Taranjit akageuka. "Friza iliwahi kuzimika?"

"Hapana," Jyoti akajibu. "Daftari iko. Nzembi anaandika kila siku."

Nzembi aliangalia wembe uliokuwa mezani. Alijua kwamba angeweza kunyamaza, na huo ungekuwa mwisho wa maneno. Ila alikuwa amekuja na swali moja ambalo lilimkaba tangu jana, na hakuweza kumwuliza mtu ambaye hajui ukweli wote. Jibu lingemfaa nini likijengwa juu ya uongo?

"Ilizimika," akasema. "Desemba 2013. Baba alikufa nikaenda nyumbani wiki tatu. Nilikuta maji. Vifuko vya chini vililowa. Nikavikausha, na zile namba nikaziandika mwenyewe."

Jyoti alivua miwani.

"Sasa naomba mniambie," Nzembi akaendelea, na sauti ilikuwa imeanza kumponyoka. "Binti yangu amejifungua juzi. Nimemlisha hizi njahi siku nne. Mtoto amekuwa manjano, yuko chini ya taa, wanasema watambadilisha damu. Ni mimi nimefanya hivyo?"

Taranjit alivuta kiti akaketi karibu naye, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Nisikilize, mama. Ulipika hizo njahi?"

"Nilizichemsha saa tatu."

"Basi ni chakula. Mbegu iliyovunjika nyuzi ukiipika ni njahi tu. Hairukii mtu. Hakuna mahali nimesoma wala nimeona mtoto akapata manjano kwa sababu maharagwe ya mamake yalibeba kasoro ya ukijani. Uliza madaktari kikundi cha damu cha mtoto na cha mama. Usiulize habari ya chakula. Uliza damu."

Nzembi alitaka kuamini. Alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali, lakini moyo haukutulia. Alikuwa ameyaona yale mafungu mekundu na uzi ule katikati, na akilini mwake yalikuwa ndani ya mjukuu wake.

Walitoka nje ya jengo. Jyoti alisimama kando ya gari, ufunguo mkononi, bila kufungua.

"Miaka tisa, Nzembi."

"Najua, Mama Riddhi."

"Ungeniambia siku ile ningekasirika wiki moja. Ningezipanda zote mwaka huo huo, zikiwa bado na nguvu. Unaelewa? Si friza. Friza inaweza kuharibika ya mtu yeyote. Ni miaka tisa."

Nzembi alielewa. Alikuwa amelielewa jambo hilo kila mara alipohesabu visahani.

"Nipe funguo," Jyoti akasema. Nzembi akampa. Jyoti akazitazama kiganjani, akafungua mlango wa gari. "Ingia. Nakupeleka hospitali kwanza."

Maureen aliwapokea kabla hawajauliza. Majibu ya damu yalikuwa yamefika. Damu ya Kanyiva ilikuwa kikundi cha O, ya mtoto A, kama ya baba yake. Mwili wa mama ulikuwa umetengeneza kinga dhidi ya damu ya mwanawe. Hutokea, Maureen alisema, na mara nyingi taa hutosha. Walingoja. Kipimo cha jioni kilibaki pale pale. Cha asubuhi kilikuwa kimeshuka. Siku ya tatu mtoto alitolewa kisandukuni akarudishwa kifuani kwa mamake, akanyonya kwa hasira ya mtu aliyenyimwa, na Nzembi akatoka nje akaketi kwenye ukingo wa maua akalia kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Lakini hofu haikumwachia. Ilibadilika tu. Alipokwenda kwa Phoebe kumweleza, na kumwambia ukweli wote pamoja na ule wa daftari, alikuta shamba limelimwa. Phoebe alikuwa ameng'oa kila mche, mweupe na wa kijani, akauchoma pamoja na mbegu zote zilizokuwa zimebaki ndooni.

"Watu walikuwa wanakuja kuangalia," Phoebe akasema. "Wanapiga picha. Mmoja akaniuliza kama nimerogwa. Ningefanya nini?"

"Zile za kijani zilikuwa nzuri. Nyingi zilikuwa nzuri."

"Ungeniambia mapema."

Njahi ya Waithaka sasa ilibaki ndani ya kifuko kimoja tu, na mbegu zake zilikuwa sitini.

Taranjit ndiye aliyesema wasikate tamaa, na ndiye aliyesema pia jambo lililomnyima Nzembi raha. Miche myeupe haikuwa tatizo, alisema, kwa kuwa inajionyesha na kufa yenyewe. Kazi ilikuwa kwenye kasoro ambazo hazina rangi: mmea unaobeba kasoro bila kuionyesha, unaozaa kidogo, unaougua haraka, unaosahau kuvumilia kiangazi. Hizo zingeweza kujificha vizazi viwili au vitatu. Na hakuweza kusema ni ngapi zililetwa na wiki zile tatu, na ngapi na miaka ambayo mikebe ilikaa dukani kwenye joto la mtaa wa Biashara. "Labda zote mbili," alisema. "Hatutajua kamwe."

Jyoti alibandika karatasi nyekundu kwenye vifuko vyote vilivyokuwa chini ya friza mwaka ule, aina themanini na nane. Kituo kimoja cha mbegu nje ya nchi, kilichokuwa kimekubali kupokea nakala za mkusanyo wote, kiliandika barua ya adabu kusema kimeahirisha. Funguo alipewa kijana mwenye shahada, Zadock, ambaye alikuwa mwangalifu na mwenye heshima na hakujua mkebe upi ni upi. Wiki ya tatu Jyoti alimpigia Nzembi simu.

"Funguo sikurudishii," akasema. "Lakini hakuna mtu mwingine anaweza kupanda hizi. Utakuja?"

"Nitakuja."

Walipanda mbegu zote sitini kwenye magunia ya udongo, uani kwa Jyoti. Ziliota kumi na moja. Kila mmea ulifungwa utepe wenye namba yake, na mbegu zake zikavunwa peke yake kwenye bahasha yake. Msimu uliofuata zilipandwa kila moja kwa mstari wake, ili watoto wa mama mmoja wasichanganyike na wa mwingine. Nzembi alifika kila asubuhi kabla ya chai na kupita kati ya mistari akiwa ameinama. Alizoea kuogopa namna hiyo: mguu mmoja, tazama, mguu mwingine, tazama. Mstari wa pili ulitoa mche mweupe, kisha miwili, kisha mitano. Wakaung'oa wote. Wa tano ulitoa majani yaliyojikunja kama yaliyopitishwa motoni. Wa nane na wa kumi ilikuwa na weupe tena. Iliyobaki ilikuwa saba. Katika mistari hiyo saba kila mche ulikuwa wa kijani, na hilo lilimtisha kwa namna yake, kwa sababu sasa hakukuwa na cha kuona.

Mtoto, aliyeitwa Mwende, alikuwa ameanza kutembea kwa kushika viti. Kanyiva alipokuja kusikia kwamba chakula kile kilimwagwa makusudi, alimtazama mama yake muda mrefu. "Mum, nilikuwa na njaa siku hiyo yote," akasema. Hakulitaja tena.

Siku moja ya Julai, mwaka 2024, baridi ya Nairobi ikiwa imelala juu ya mji, Nzembi alikuta kwenye mstari wa sita mmea mmoja umetoa maua. Mingine yote ilikuwa bado majani matupu; ilihitaji wiki tatu au nne zaidi. Na maua yake hayakuwa ya zambarau kama ya njahi nyeusi. Yalikuwa meupe.

Alishika shina lake chini kabisa, karibu na udongo, akakaza kidole. Angeling'oa na hakuna ambaye angejua. Alibaki hivyo, mgongo umeinama. Kisha akaliachia akaenda kumwita Jyoti.

Taranjit alikuja jioni, akauzunguka mmea mara mbili. Aliwaambia huenda ni badiliko jingine lililoletwa na uzee wa mbegu. Huenda pia ilikuwa mbegu ya aina nyingine iliyochanganyika kwenye konzi ya yule mama mwaka 1986, kwani watu hawakuchambua njahi moja moja. Mmea ulikuwa na afya. Unaiva mapema. Kwa mkulima wa mvua fupi hilo si kasoro.

"Sasa tunaung'oa au hatuung'oi?" Jyoti akauliza.

"Mwulize Nzembi. Yeye ndiye anashinda nao."

Wote wawili wakamgeukia.

"Uachwe," akasema. "Lakini peke yake, na neti juu. Na isiliwe wala isigawiwe mpaka tuone watoto wake, na watoto wa watoto wake. Na iandikwe kwamba hatujui ni nini."

Habari za mmea huo zilimfikia Phoebe kanisani. Hawakuwa wamezungumza sana tangu shamba lilipochomwa. Baada ya ibada alimfuata Nzembi mpaka langoni.

"Nasikia kuna njahi inatoa maua mapema."

"Iko moja."

"Ikikomaa nipe mbegu kumi."

"Siwezi, Phoebe. Labda miaka miwili. Labda haitafaa kabisa."

Phoebe alifikiri, mkoba wake kifuani. "Unaiogopa?"

"Naiogopa sana."

"Basi nitangoja," Phoebe akasema, na wakashuka pamoja barabara ya kwao, kila mmoja akikwepa madimbwi upande wake.